Mafunzo kazini yanayowagusa watu wazima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wauguzi wafawidhi, wakunga viongozi, waganga wafawidhi na yeyote anayepewa jukumu la kuwafundisha wenzake kazini. Mifano mingi inatoka wodi ya wazazi, kwa sababu ndiko Tanzania ilikopata ushahidi mzuri kuhusu mafunzo yanayobadilisha kazi na yale yasiyoibadilisha. Wenye viwanda, hoteli na maghala nao watapata la kwao humu.

Mkunga anayekesha zamu nzima macho makavu, kwa nini anasinzia kwenye mafunzo saa tano asubuhi?

Mara nyingi ni kwa sababu ametoka zamu ya usiku. Kabla ya kumlaumu mtu au kulaumu mada, chukua ratiba ya zamu uone nani amelala na nani hajalala. Kumketisha kwenye kiti muuguzi aliyetoka kuzalisha usiku kucha, umwoneshe slaidi, ni kumwonea.

Sababu ya pili ni kwamba haoni mada inavyogusana na kazi inayomsubiri. Mtoto wa shule hukubali kufundishwa leo jambo atakalolitumia baada ya miaka mingi. Mtu mzima hana subira hiyo, na wala si kosa lake. Ana wagonjwa, ana familia, ana mkopo wa kulipa. Malcolm Knowles, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu elimu ya watu wazima katika miaka ya 1960 na 1970, alilisisitiza hili: mtu mzima anataka ajue kwanza kwa nini ajifunze, na anajituma pale somo linapogusa shida aliyonayo sasa.

Kwa hiyo usianze na "malengo ya mada". Anza na tukio la hapo hapo kazini. "Wiki iliyopita tulipokea mama aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Oksitosini, dawa ya kuzuia damu, ilikuwa wapi? Nani aliita msaada? Dripu ilichukua muda gani kufungwa?" Usitaje jina la aliyekuwa zamu, na usigeuze maswali kuwa kesi. Utaona waliokuwa wameegemea ukuta wanasogea mbele, kwa sababu sasa mnazungumza kazi yao.

Mafunzo ya siku nzima ukumbini hayatoshi?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mpanga bajeti alisome, na jibu lake limepatikana hapa nchini.

Mwaka 2010 wafanyakazi wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Ni yale mafunzo yanayosisitiza Dakika ya Dhahabu: ndani ya dakika moja tangu kuzaliwa, mtoto awe anapumua mwenyewe au ameanza kupumulishwa kwa mfuko na barakoa. Yalifundishwa kwa mdoli, kwa vitendo, na kwa kipimo chochote cha darasani yalifaulu. Miezi kadhaa baadaye washiriki walipopimwa tena kwenye mdoli walikuwa wazuri kuliko kabla ya mafunzo.

Watafiti wakaenda hatua moja zaidi. Walitazama kilichotokea chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi. Huko huduma haikuwa imebadilika. Mikono iliyoweza kwenye mdoli ukumbini haikufanya vivyo hivyo mezani, usiku, mtoto akiwa amelegea na mama akiuliza mbona halii.

Wangeweza kuandika ripoti na kufunga faili. Hospitali ikabadilisha mpango: mdoli ukahamia kwenye chumba chenyewe cha kujifungulia, na wakunga wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, hapo hapo kazini. Walipolinganisha mwaka wa kabla na mwaka wa baada, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Watoto waliohitaji kupumulishwa kwa mfuko pia walipungua, kwani wengi zaidi walikuwa wanachochewa wapumue na kusafishwa njia ya hewa mapema.

Baadaye utaratibu wa namna hiyo uliingizwa katika mpango mpana zaidi uliofika kwenye vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na ndani ya saa 24 vimeshuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000. Mpango huo ulikuwa pia na vifaa vipya, kama vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kwa hiyo siwezi kusema sifa yote ni ya mazoezi. Ila mazoezi ya mara kwa mara kazini yalikuwa mhimili wake.

Ukumbi una nafasi yake, kwa mfano pale mwongozo mpya wa taifa unapotambulishwa. Kosa ni kudhani watu wakishatoka ukumbini kazi imekwisha.

Hayo mazoezi mafupi yafanyike saa ngapi, na vipi?

Wakati mzuri kuliko yote ni makabidhiano ya zamu ya asubuhi, watu wakiwa wamesimama na wodi ikiwa mikononi mwa watu wa zamu zote mbili. Ripoti ikiisha tu, zoezi linaanza. Mama akifika na uchungu, zoezi linasimama bila majadiliano.

Chagua ujuzi mmoja tu. Leo ni kuibana barakoa vizuri usoni mwa mtoto. Wiki ijayo ni kukadiria damu iliyopotea kwenye shuka. Yakichanganywa mambo matatu, hakuna hata moja litakalokaa.

Wamarekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, walilazimika kuwafundisha haraka maelfu ya watu wapya viwandani, nao wakatumia hatua nne ambazo bado sijaona zilizozizidi. Kwanza mwandae mtu: mtulize, muulize anajua nini tayari. Pili, mwoneshe na kumweleza, hatua moja baada ya nyingine, ukisema kwa nini kila hatua ipo. Tatu, afanye yeye huku akikueleza anachofanya na sababu yake. Nne, mwache kazini, lakini mwambie nani wa kumuuliza na urudi kumwangalia. Wengi wetu tunafika hatua ya pili tukidhani tumemaliza.

Na mdoli usikae kabatini. Nimeona vituo vyenye mdoli mpya kabisa ndani ya kabati, ufunguo uko kwa matroni na matroni yuko likizo. Kifaa cha mazoezi kikae mezani, kipatikane saa nane ya usiku mkunga mmoja na mwenzake wanapokuwa na utulivu kidogo.

Washiriki wangu wana uzoefu kunizidi. Nitawafundisha nini?

Hilo ni bahati kwako, ukilitumia. Mkunga aliyezalisha kwa miaka ishirini anajua mambo ambayo hayamo kwenye mwongozo wako. Ukisimama mbele yake kana kwamba hajui kitu, atakunja mikono na hutampata tena siku nzima.

Mwombe aeleze. "Mama, wewe ulikutana na hali hii mara nyingi. Unaanzia wapi?" Akimaliza, weka maelezo yake bega kwa bega na mwongozo. Mara nyingi yatalingana, na wengine wataamini mwongozo kwa sababu yeye kausema. Yasipolingana, uliza swali badala ya kutoa hukumu: "Zamani tulifundishwa kumning'iniza mtoto miguu juu na kumpiga makofi. Sasa tunaelekezwa kumkausha na kumsugua mgongo. Mnadhani kwa nini wamebadilisha?" Mtu mzima anayeacha jambo alilolifanya kwa miaka mingi anahitaji sababu, na anahitaji aliache bila kuaibishwa.

Jambo moja usilifanye: kujifanya unajua usichokijua. Mara moja tu ikibainika, kila utakalosema baada ya hapo litapimwa kwa mashaka.

Daktari, muuguzi na mhudumu wa usafi wako chumba kimoja. Kwa nini wadogo hawasemi?

Kwa sababu kesho wanarudi kazini na daktari yule yule. Heshima ya umri na cheo kwetu ina uzito, na sioni haja ya kuivunja. Haja iliyopo ni kumpa kila mmoja nafasi rasmi ya kusema, ili anayesema asionekane mtovu wa adabu.

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani iliweka nafasi hiyo waziwazi. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake, daktari bingwa hadi muuguzi msaidizi. Ilipojaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009. Orodha ile ina mengi zaidi ya kujitambulisha, lakini mtu akishasikika sauti yake mara moja, ni rahisi aseme tena akiona hatari.

Kwenye mafunzo, fanya hivi. Wape dakika mbili waandike au wazungumze wawili wawili kabla ya kuomba majibu. Anza kuuliza kwa wa chini ukipanda juu, kwa maana daktari akishajibu wa kwanza hakuna atakayempinga. Mwombe mkubwa mapema, faraghani, asubiri. Wengi wanakubali kwa furaha wakielezwa sababu. Na katika igizo dhima, mpe mhudumu nafasi halisi: ni yeye anayekimbilia damu maabara, ni yeye anayejua ufunguo wa stoo uko wapi.

Vichangamshi, ile michezo ya kuamsha watu, vinasaidia?

Kidogo, baada ya chakula cha mchana, kwa watu wanaofahamiana. Kumsimamisha mama wa miaka hamsini na mitano aruke na kupiga makofi mbele ya vijana wake wa kazi si kumchangamsha. Ukitaka watu waamke, wasimamishe wafanye zoezi la kazi. Mikono ikishika kitu, usingizi unakimbia wenyewe.

Na simu?

Kabla ya kuzipiga marufuku, kumbuka kwamba wengine wana mtoto mgonjwa nyumbani, na wengine ndio wanaopigiwa wodini dharura ikitokea. Kubalianeni mwanzoni: simu ziwe kimya, anayesubiri simu ya lazima aketi karibu na mlango. Zaidi ya hapo, simu zinazotoka mifukoni ni kipimo chako. Watu saba wakiangalia simu kwa wakati mmoja, umeongea mno. Acha kuongea, wape kitu cha kufanya.

Nitumie slaidi ngapi?

Chache kuliko ulizo nazo sasa. Picha ya kifaa, picha ya hali halisi, jedwali la dozi. Sentensi ndefu unazozisoma kwa sauti huku washiriki nao wakizisoma hazimsaidii mtu. Bango kitita, yale makaratasi makubwa ya kuandikia mbele ya watu, lina faida moja kubwa: yanayoandikwa pale ni maneno yao, na hubaki ukutani siku nzima. Pia umeme ukikatika linaendelea kufanya kazi.

Tufundishe kwa Kiingereza au Kiswahili?

Kwa lugha ambayo watu wa zamu hiyo wanaitumia kupeana maagizo dharura inapotokea. Majina ya dawa na vifaa yabaki kama yalivyoandikwa kwenye chupa na kwenye faili, maana huko ndiko watakakoyasoma. Hatua za kazi zisemwe kwa Kiswahili. Nimeona washiriki wanyamavu kabisa asubuhi, mkufunzi anabadilisha lugha baada ya chai, na chumba kizima kinaanza kubishana.

Jaribio la awali, lile la kabla ya mafunzo, lina maana gani zaidi ya kujaza ripoti?

Lina maana kubwa likitumiwa kufundishia. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha vipimo alivyojifanyia mwenyewe kuhusu kusahau, akaonesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea mapema sana, ndani ya siku ya kwanza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionesha kwamba watu waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliokisoma tena na tena. Kuulizwa ni sehemu ya kujifunza.

Basi uliza mara nyingi, maswali madogo, bila alama za kutisha. Mfano ninaoupenda ni wa kunawa mikono. Mwambie kila mtu anawe kwa maji na sabuni kama anavyonawa siku zote, wewe ukishika saa bila kusema neno. Kisha waambie kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka sekunde 40 hadi 60 kwa shughuli nzima, na 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono. Watajihesabia wenyewe walikoishia, na hutahitaji hotuba juu ya umuhimu wa usafi.

Jaribio la awali likirudishwa bila kujadiliwa, au likabandikwa ukutani na majina, limeharibu kazi.

Nimeambiwa kila mtu ana mtindo wake wa kujifunza: kuona, kusikia au kutenda. Nigawe vikundi hivyo?

Usijisumbue. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wakiongozwa na Harold Pashler walipitia tafiti zilizokuwepo na hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa "mtindo wake" humfanya ajifunze zaidi. Jinsi ya kufundisha iamuliwe na kazi yenyewe. Kubana barakoa kunajifunzwa kwa mikono na kila mtu. Sauti ya mapigo ya moyo inajifunzwa kwa kusikiliza.

Watu hawaji bila posho. Tufanyeje?

Tuwe wakweli kwanza. Mtu anayetolewa kituo cha kijijini aje mjini siku tatu anatumia nauli, chakula na malazi, na nyumbani kuna anayebaki na watoto wake. Kumlipa gharama hizo ni haki yake. Mwambie kiasi kabla hajatoka kwake, na umlipe kwa wakati. Kushikilia posho hadi jioni ya mwisho ili watu wasiondoke kunawaweka miili yao chumbani na mawazo yao kwenye karatasi ya kusaini.

Mazoezi ya dakika tano kwenye makabidhiano hayana posho, na hayapaswi kuwa nayo, kwa kuwa ni sehemu ya kazi. Yakiwa mafupi kweli na yakimsaidia mtu usiku ule ule, manung'uniko hupungua. Yakirefuka hadi dakika arobaini na kula muda wake wa kurudi nyumbani, ana haki ya kulalamika.

Wengine hawasomi vizuri. Niwatenge?

Hapana. Nchi hii iliwahi kufundisha watu wazima kwa mamilioni, wengi wao wakiwa na elimu ndogo sana ya shule. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ikawakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilisikiliza kipindi, anayejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu, wakajadili, kisha wakakubaliana watakachofanya kijijini kwao: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kusafisha visima. Kila kikao kilielekea kwenye kazi fulani ya kufanywa.

Utaratibu huo bado unafaa kwa wahudumu, walinzi, wapishi na wafua nguo. Soma kwa sauti, onesha, jadili, amueni. Asiyesoma asilazimishwe kuandika mbele za watu, na jaribio lake liwe la kuonesha kwa vitendo.

Sisi ni kiwanda, si hospitali. Haya yanatuhusu?

Yanawahusu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelekezo na mafunzo ya usalama, na wengi hutimiza hilo kwa semina moja ya mwaka na karatasi ya mahudhurio. Mashine haisomi karatasi ya mahudhurio. Dakika tano kila Jumatatu, mbele ya mashine iliyozimwa, fundi mmoja akionesha jinsi ya kuikata umeme na kuifunga kabla ya kutoa kilichokwama, zitafanya zaidi. Hotelini vivyo hivyo: zoezi la moto kwenye korido yenyewe, na mhudumu wa vyumba ndiye anayeongoza wageni.

Kundi la WhatsApp linaweza kuchukua nafasi ya mafunzo?

Linaweza kuyakumbusha. Swali moja kwa wiki, picha ya kifaa kilichofungwa vibaya na swali "kuna kosa gani hapa?", basi. Ukituma kurasa 60 za mwongozo hakuna atakayefungua. Picha za wagonjwa, faili zao au majina yao zisiingie humo hata kwa nia njema. Ni siri ya mgonjwa, na tangu 2022 ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nitajuaje kwamba mafunzo yamefaa?

Mmarekani Donald Kirkpatrick, kuanzia 1959, alipendekeza ngazi nne za kutazama: walifurahia, walijifunza, wanafanya tofauti kazini, na kazi imeleta matokeo tofauti. Fomu nyingi za tathmini huishia ya kwanza. Zinauliza chakula kilikuwaje.

Ya tatu ndiyo iliyo karibu nawe, na haihitaji mshauri wa nje. Chagua kitu kimoja kinachohesabika. Kati ya watoto ambao hawakupumua mwezi huu, wangapi walianza kupumulishwa ndani ya dakika moja? Mfuko na barakoa vilikutwa mezani, vikiwa safi, katika zamu ngapi? Andika kwa kalamu nene ukutani kwenye chumba cha wafanyakazi, kwa zamu au kwa mwezi, kamwe si kwa majina ya watu. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia zoezi la wiki ijayo liwe lipi, na watu watalifuata kwa sababu ni namba yao.

Mshiriki alishindwa zoezi mbele ya wenzake, sasa anakwepa kila kipindi. Nifanye nini?

Mtafute siku hiyo hiyo, mkiwa wawili tu, usisubiri wiki ijayo. Usimpe pole ndefu. Mwambie sehemu aliyoifanya vizuri, kisha ile iliyoshindikana, kwa jina lake halisi: "Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeinama mbele, ndiyo maana kifua hakikupanda." Fanyeni pamoja mara kadhaa hadi kifua cha mdoli kipande. Zoezi linalofuata mpe karatasi ya hatua awe yeye anayefuatilia na kuwasomea wenzake, na linalofuata hilo ashike mfuko mwenyewe.